Boti Niliyoikimbia

Assalaam alaikum warahmatullah, ndugu zangu! Sifa zote ni zake Mola aliyenitoa baharini nikiwa bado naitwa mke wa mtu, si mjane. Bi Mwalimu wa darsa letu hili la wanawake ameniambia niseme kwa ufupi. Nitajaribu, ingawa wanaonijua wameshaanza kucheka.

Mimi ni Rukia wa Mkomani, hapa hapa Lamu. Mume wangu Shee ni mtu wa kisiwa cha Ndau, na ujanani alikuwa baharia katika yoti za wageni. Mzungu mmoja aliyechoka na bahari alimwachia yoti yake ndogo kwa bei ya huruma, tukaipa jina Subira. Watu walisema nimepotea. Mwanamke wa mjini akalale juu ya maji, Mayotte, Madagaska, Shelisheli! Lakini huko nilipata jamaa ambao sikuzaliwa nao.

Watu wanaozunguka bahari kwa tanga wana desturi yao. Hawaulizani ukoo wala kazi. Wewe ni Rukia wa Subira, basi. Mnatia nanga pamoja, mnagawana maji ya kunywa na ndimu, kisha asubuhi moja mwenzio ameng'oa nanga, na hakuna kuagana, kwa sababu mtaonana bandari nyingine. Ipi? Mungu ndiye ajuaye.

Hivyo ndivyo nilivyompata Marta, mama wa Kireno, yeye na mumewe Joakim, katika boti yao Lusiana. Tulikutana Madagaska. Nikamfundisha Kiswahili kidogo na kupika kaimati, akaziunguza. Mwaka uliofuata naamka Mayotte, naiona Lusiana ubavuni mwetu, na Marta ananipungia mwiko! Shelisheli tukakutana tena, bila miadi. Kisha wakapotea. Kila bandari nilikuwa naitafuta Lusiana kati ya milingoti, siioni. Simu yao haikupatikana tena. Nikasema bahari imewachukua, nikawalilia kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa nifike kwenye mtihani wangu. Tulikuwa tunarudi nyumbani kutoka Mayotte, msimu wa kusi, upepo utokao kusini. Shee alichomwa mkono na waya wa tanga, kidonda kidogo tu, tukakifunga. Siku hazikupita nyingi mkono ukavimba hadi kwenye kiwiko, homa ikampanda, akawa anamwita marehemu mamake. Injini nayo ikakataa kuwaka. Fundi wangu ni yeye, na yeye amelala! Nikashika usukani peke yangu. Alfajiri nikaiona Shela, mlango wa Lamu, kwa macho yangu, nikashindwa kuingia, maana mkondo ulikuwa unatuvuta kaskazini. Kisiwa cha Manda kikapita. Huko mbele ni Kiwayu, kisha Kiunga, kisha Somalia.

"Rukia, nti i wapi?" Shee akaniuliza.

"I karibu, mume wangu." Nchi ya kwetu ilikuwa nyuma yetu.

Kwenye kioo chetu kinachoonyesha vyombo vilivyo karibu likatokea jina nisilolijua: Aurora. Chombo hicho kinakuja upande wetu. Ndugu zangu, niliogopa maharamia! Maji yale yana sifa mbaya, nami ni mwanamke mwenye mgonjwa. Nikafanya wanalofanya mabaharia wengi wakiogopa. Nikazima mtambo unaotangaza jina letu, nikazima na redio, nikageuza usukani. Nikajiona mjanja kweli.

Kufika adhuhuri Shee alikuwa ameacha kuniita. Alipumua kwa shida. Nikatia udhu kwa maji ya bahari, nikasali nimeketi, mkono mmoja kwenye usukani. Nikalia, nikasema: Ya Rabbi, nimeishiwa. Nimwite nani? Maisha yangu yote nilikuwa nikisema natawakali, natawakali, kama mtu anavyojibu salamu. Siku ile ndipo nilipotawakali kweli, nikamwachia Mola. Hofu haikuondoka, nisiwadanganye. Lakini niliwasha redio, nikamwambia yeyote anayesikia: hapa ni Subira, mume wangu anakufa, aliye karibu atusaidie.

Kisha sauti ya mwanamke, Kiswahili cha kuvunjikavunjika: "Rukia? Rukia, dada yangu! Ni mimi, Marta!"

Wallahi nilidhani naota. Na neno la kwanza lililonitoka, fikirieni, mume anakufa: "Lusiana iko wapi?"

"Tumeiuza! Magoti ya Joakim yamekataa. Boti yetu sasa ni Aurora, ya injini. Asubuhi nimeona jina lako, nikafurahi, nikakuita, nikakuita, ukanikimbia! Tunakutafuta tangu saa hiyo."

Nilicheka na kulia pamoja. Wakatufikia, Joakim akaturushia kamba, wakatuvuta kurudi Lamu. Marta alikaa chini na Shee njia nzima, akimpa dawa na kumpangusa uso. Hospitali walimkata vidole viwili, lakini uhai wake ulibaki. Yuko nje barazani sasa hivi, anasikiliza, najua, anangoja nikosee ili akohoe. Na Marta ndiye huyu aliyevaa buibui la dada yangu. Mkaribisheni, ametoka mbali.

Ndugu zangu, kuna jambo moja halijaniacha. Wakati nalia pale kwenye sala, msaada ulikuwa umeshatumwa tangu asubuhi! Mola alinijibu kabla sijaomba, nami jibu lake nikalizimia redio, kwa sababu lilikuja kwa jina nisilolijua.

Dada yangu uliyekaa hapo na jambo lako, umejifungia nalo ndani, unachagua nani anafaa kukusaidia na nani hafai, nakuomba mtegemee Mola na ufungue mlango. Mwachie yeye kuchagua wa kumtuma. Alhamdulillahi kwa mume wangu, alhamdulillahi kwa rafiki aliyenifuata nikimkimbia. Usingoje hofu iishe ndipo uite. Mimi niliita nikitetemeka, na Shee yu hai.