Meneja wa Mabasi na Damu Yangu

Sifa zote na zimrudie Bwana, ndugu zangu. Mimi niliyehitimu ngumbaru, ninayesoma gazeti bila kufuatisha kidole, niliwahi kuamini kwa moyo wote kwamba meneja wa kampuni yetu ya mabasi ni mumiani, mnyonya damu za watu.

Ushahidi nilikuwa nao tele. Kila wiki nilikuwa nikipeleka machungwa Likoni kwa mabasi yake. Mabasi yakawa mabovu, makondakta wakawa wakali kuliko siafu, na sisi watu wa Mwabungo sote tukahamia basi la kampuni nyingine. Ndipo meneja akaanza kuzunguka na gari jekundu na daftari, akipiga hodi kwa kila aliyeacha kupanda. Anaandika jina. Anauliza, "U mzima wa afya? Mbona siku hizi hatukuoni?" Ndugu zangu, mtu wa mabasi ana haja gani na afya yangu? Tena akatuachia mkate. Nikajua tunanenepeshwa.

Mke wangu akacheka. "Baba Eliza, mumiani gani huyu anayepiga hodi mara tatu mchana kweupe?"

"Huo ndio werevu wake," nikamjibu.

Kisha homa ikanishika, homa ya kuchemshia uji. Siku ya nne nikasikia lile gari. Nikatambaa kwa mlango wa nyuma hadi kwenye mihogo, nikaomba: Bwana, niepushe na mtu huyu. Nikazimia papo hapo.

Nilipozinduka nilikuwa ndani ya gari jekundu, kichwa pajani mwa mke wangu, meneja kwenye usukani, tunakimbizwa hospitali. Huko daktari akanitoa damu kidogo, akaitia kwenye kichupa. "Umeona?" nikamnong'oneza mke wangu. Kumbe ni ya kupima malaria. Walisema ningechelewa siku mbili, ningezikwa.

Ndugu zangu, niliomba niepushwe na mtu yule, na Bwana akamtumia mtu yule yule kuniokoa. Nawe unayemshuku kila abishaye hodi, mtumaini Mungu, ufungue mlango.

Nilipopona nilimwendea meneja, nikamwuliza hasa alikuwa akitaka nini kwangu. Akafunga daftari lake.

"Bwana Yona, kampuni inakufa. Wenye kampuni wameniambia mwaka huu sipati bahashishi ila abiria wa zamani warudi. Wewe ni abiria wa zamani. Nilikuja kukuomba urudi."