Bwana Nafasi na Chumba cha Mbele

Ndugu, jamaa, majirani na wapangaji mliofika, familia imeagiza yasomwe maisha ya kaka yetu kama yalivyokuwa, wala si kama tulivyotamani yawe, basi tutafuata tarehe, maana tarehe hazina upendeleo.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bwana Nafasi, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 15 Machi 1951, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi viatu, akaanza shule Januari 1959, akahitimu darasa la nane mwaka 1966, akiongoza kwa hesabu na kushika mkia kwa uimbaji, kisha akasomea utunzaji wa ghala, na tarehe 2 Juni 1969 akaajiriwa na kiwanda cha sabuni, alikodumu mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2006. Huko ghalani ndiko alikofundishwa kwamba rafu tupu ni hasara, somo lililokuwa la kweli kwa sabuni, na balaa likaanza siku alipolileta nyumbani.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu, mkunga, binti wa pekee wa mwashi, naye baba mkwe akawapa kiwanja na kuwajengea nyumba kwa mikono yake, wakahamia tarehe 3 Oktoba 1978, shemeji akachagua chumba cha mbele, chenye madirisha mawili, akasema hapo ndipo atakapozeekea. Walijaliwa binti mwaka 1979 na kijana mwaka 1982, uzazi ukakomea hapo, marehemu akisema vyumba vimejaa.

Tarehe 6 Februari 1989 aliiweka nyumba hiyo rehani benki, akajenga uani vyumba sita vya kupangisha, akitumaini kwamba kodi italipa mkopo naye atachuma pande zote mbili. Lakini bati lilivuja, wapangaji wakahama, na benki haikuwa na habari na mvua, basi badala ya kuziba paa, gharama ya mara moja tu, marehemu aliigeukia nyumba yake mwenyewe. Sebule ikachukuliwa na kinyozi Machi 1991, na tangu hapo wageni wetu wakawa wanakaribishwa kwenye kiti cha kunyolea, chumba cha watoto kikachukuliwa na dereva wa lori Julai 1998, binti akaolewa mapema kuliko alivyokusudia, kwa kutafuta mahali pa kuweka sanduku lake, na kijana aliporudi likizo kutoka shule ya bweni akakuta miguu ya mtu mzima kitandani mwake. Alipolalamika, baba yake alimjibu mbele yetu sote, "Wewe ni mtoto wa nyumbani, amana utalipa ya mwezi mmoja tu." Kijana akaondoka kesho yake, akalelewa na mjomba wake.

Mpangaji aliyechelewesha kodi hakugombezwa wala hakupelekwa mahakamani, aling'olewa mlango, mlango ukawekwa stoo mpaka alipe, na wapo hapa leo watu wazima waliolala msimu mzima wa baridi nyuma ya shuka, nao wanajijua.

Tarehe 1 Februari 2007, mwezi mmoja tu baada ya kustaafu, marehemu alimhamishia mkewe stoo, kachumba kasiko na dirisha, kati ya milango ya watu, wakalala humo wote wawili, akampangisha fundi cherehani kile chumba cha mbele, na kumwahidi shemeji kwamba mkopo ukiisha atarudi. Mkopo uliisha Mei 2009, akachukua mwingine Juni, huo nao ukaisha Machi 2014, akachukua wa tatu Aprili, na kila mara shemeji alifunga mizigo yake, na kila mara akaifungua. Marehemu alimwambia kwamba subira huvuta heri, naye akamjibu kuwa yake imevuta mpaka kamba imekatika.

Agosti 2017 marehemu alianza kubanwa kifua, daktari akaagiza alazwe penye hewa, na fundi cherehani, kwa hiari yake, akasema wabadilishane vyumba hata siku hiyohiyo. Shemeji alikwisha kunja godoro, lakini mgonjwa, akihema, akakataa. "Akihamia stoo," alisema, "atataka kulipa kodi ya stoo tu." Akafariki humohumo stoo, siku ya Jumanne, tarehe 14 Novemba 2017, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Alhamisi iliyofuata afisa wa benki alikuja kutoa pole, akaeleza kwamba mkopo huu, kama ile yote iliyotangulia, ulikuwa na bima, kwamba mkopaji akifa deni hufutwa, na hati ya nyumba itarudi kwa mjane. Tukainamisha vichwa, tukidhani shemeji atalia, naye akauliza taratibu, "Kwa hiyo angetangulia mwaka ule wa kwanza, nisingehama chumbani kwangu?"

Afisa alitazama viatu vyake, akasema ndiyo, mama.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliosema ukweli usiosikilizwa, majirani waliotuazima viti, wafanyakazi wenzake wa ghalani, walioyapanga mashada haya bila kuacha upenyo, kinyozi aliyefunga kazi ili maiti ipite sebuleni, na fundi cherehani, aliyehamia uani jana kabla hajaombwa. Mtakaomtafuta mjane ili kumpa mkono wa pole, mtuwie radhi, amelala chumba cha mbele tangu jana jioni, na ameagiza asiamshwe kwa ajili ya mazishi.

Pumzika kwa amani, kaka, na wabebaji wa jeneza tunawaomba mpite polepole chini ya dirisha lake.