Shangazi na Ukuta wa Wanaongoja

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, mbunifu mkuu wa studio yetu anastaafu. Kwenye karatasi za ofisi ana cheo kirefu. Sisi tunamwita Shangazi, na mkurugenzi wetu naye humwita hivyo hivyo, hasa akiwa na jambo la kuomba.

Alianza na brashi na kopo la rangi, akichora mabango ya maduka juu ya ngazi ya kuazima. Kompyuta zilipoingia, wenzake wengi waliaga. Yeye alitangaza kwamba kompyuta ni brashi yenye maringo, akakaa nayo mpaka maringo yakaisha. Tangu hapo amebuni kuta na sakafu zinazoitikia watu, ikiwemo ile sakafu ya duka la viatu iliyotoa muziki ukiikanyaga. Wauzaji walicheza badala ya kuuza, hadi meneja akaomba izimwe mchana.

Ukali wake mnaujua. Ukigusa skrini kwa vidole vya mafuta utasemwa mpaka ujute kuzaliwa. Halafu mchana utamwona anakumegea nusu ya chakula chake, kana kwamba hakuna lililotokea.

Lakini nikiambiwa nitaje kazi moja, nitataja hii ya mwisho, maana nusura itutoe roho. Kampuni moja ya bima ilitaka ukuta wa skrini kwenye ukumbi wake wa mapokezi. Shangazi akabuni nyuzi za rangi: ukipunga mkono zinaruka, ukitembea zinakufuata. Tuliujaribu wenyewe, tukirukaruka mbele ya kamera kama watoto walioona mvua. Mkuu wa kampuni akaja, akapunga mikono yote miwili, akacheka, akaidhinisha. Mambo yakawa shwari.

Wiki moja kabla ya uzinduzi, mume wa Shangazi alimpitia pale ukumbini. Ni mwalimu mstaafu mwenye goti bovu, mtulivu kama maji ya mtungi. Aliketi kwenye benchi akimngoja mkewe. Kwa kuwa hakusogea, kamera hazikumtambua, na baada ya muda ukuta wote ukazimika. Mzee wa watu alidhani umeme umekatika, akamwomba mlinzi akaulize. Tulicheka hadi machozi. Shangazi naye alicheka, kisha akageuka kuyatazama yale mabenchi.

Alituambia kwamba tumewajengea ukuta wapitaji, kumbe ukumbi wa bima ni mahali pa kungoja. Mtu aliyefiwa, aliyekuja kufuatilia fidia, hapungi mkono. Anakaa kimya na bahasha yake mapajani, nasi tunamzimia taa usoni. Akasema kosa ni lake, na hataki kustaafu akiliacha pale. Akataka tuanze upya.

Jamani! Mkuu wa bima alifoka kwenye simu hadi sisi wa meza ya jirani tukamsikia: ukuta ukiharibika siku ya uzinduzi, mkataba wa studio nao basi. Mkurugenzi wetu alimsihi Shangazi asijipalie makaa, aondoke na heshima zake. Yeye akajibu kwamba maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Tukayaoga wote. Tuligeuza programu nzima, ili uzi uchomoze pale mtu anapotulia, ukue kadiri anavyokaa, na usukane na uzi wa aliye kando yake.

Siku ya uzinduzi mkuu wa bima alisimama mbele ya wageni, akapunga mikono kwa mazoea ya ule wa kwanza. Hakuna uzi ulioruka. Akapunga tena, kwa nguvu, kama anayeita teksi. Wapi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shangazi akamwendea taratibu, akamwomba aketi. Nafasi ilikuwa moja tu, kando ya mama mmoja aliyekuja kufuatilia madai yake na hakuwa na habari na sherehe yetu. Mkuu akaketi, amenuna. Uzi wake ukachomoza, mwembamba, mfupi kama kidole. Wa yule mama ulikuwa umeshazunguka nusu ya ukuta, maana alikuwa pale tangu milango ilipofunguliwa.

Kila mgeni aliona. Mkuu aliutazama ule uzi mrefu, akaurudia tena, kisha akamgeukia mama na kumuuliza kwa sauti ya chini anangoja nini. Walipanda ghorofani pamoja, na hotuba ikasomwa na mtu mwingine.

Mkataba tunao hadi leo. Wiki iliyopita nilipita pale ukumbini kukagua nyaya. Watu walikuwa wanaingia, wanakaa kidogo, wanaitwa. Nyuzi zote ukutani zilikuwa fupi. Nilipomweleza Shangazi, aligeuka akajifanya anatafuta miwani yake, nami nikajifanya sijaona.

Asante, Shangazi, kwa kazi, kwa kusemwa, na kwa chakula chako ambacho hatukuwahi kukurudishia. Tutakukosa sana, tusidanganyane. Nenda ukapumzike na mzee wako. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha, na popote utakapoketi, usingojeshwe.