Claude Nzobonimpa, Aliyetuonyesha Ndege Wanaoondoka

Wachungaji, ndugu, na majirani zetu wa hapa Doornfontein, Johannesburg, mimi ni Léonce, mdogo wake Claude, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, nikikwama mnivumilie.

Claude Nzobonimpa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 huko Gatumba, Burundi, karibu na mahali mto Rusizi unapoingia ziwani, mtoto wa pili wa marehemu mzee Bonaventure, mkulima wa mpunga, aliyempa kazi ya kufukuza ndege shambani, kazi aliyoifanya vibaya sana kwa sababu aliishia kuwatazama.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Gatumba, 1981 hadi 1987, akakatisha sekondari mwaka 1993 kwa ajili ya vita, akakimbilia Tanzania, na Februari 2001 akafika Johannesburg, ambako mwaka 2004 aliajiriwa kuwa mlinzi wa geti la chuo kikuu huko Braamfontein. Pale getini mhadhiri mmoja, Mwalimu Yasmin, alimsikia akimweleza mwenzake habari za ndege aliyekuwa akilia juu ya paa, akamwazima darubini, na kuanzia mwaka 2009 Claude akawa kiongozi wa safari za kutazama ndege, kila Machi na Aprili, baridi inapoanza kubisha hodi, akiwapeleka watu kwenye vinamasi vya Marievale, kisha pwani ya Richards Bay, kuwatazama sululu na vitwitwi, ndege wa ufukoni wanaohama kila mwaka, wakijinenepesha kabla ya kurudi kaskazini.

Tarehe 18 Juni 2005 alifunga ndoa na Gaudiose, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili, Murielle na Yolande, ambao Kiswahili wanakielewa lakini walikuwa wakimjibu baba yao kwa Kizulu, naye akicheka tu.

Septemba 2023 darubini ilimponyoka mkononi, tukadhani ni uchovu, kumbe ni ugonjwa wa neva unaokausha misuli, daktari akatuambia hauna tiba, nasi tukazunguka hospitali nyingine mbili tukimtafuta wa kusema vinginevyo, hatukumpata.

Tarehe 5 Aprili mwaka huu wa 2025 aliomba kwenda pwani, tukambeba na kiti chake hadi mchangani, Gaudiose akamshikia darubini machoni, lakini shingo haikutulia. Murielle akanyooshea kidole kundi la ndege lililotua ukingoni mwa maji, akamuuliza, kwa Kiswahili, "Baba, wale wanaitwaje?" Midomo ya Claude ikasogea, sauti haikutoka, na kati yetu sote tuliosimama pale hakuna aliyejua kumjibu mtoto. Kaka yangu akalia, kundi lile likaruka.

Alifariki tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na miezi minane, tukiwa tumemshika mikono, na kumshika huko hakukusaidia kitu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walinzi wenzake, Mwalimu Yasmin na wasafiri wote, na Mama Mamie jirani yetu, aliyepika kila siku hata tulipokataa kula.

Kaka Claude, umechoka, pumzika sasa kwa amani ya Mungu, sisi hatujui tuanzie wapi.