Maisha ya Bi Ncha, Mkunja Mashuka

Ndugu, majirani, mashemeji na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, mimi ni kaka mkubwa wa marehemu, fundi viatu mstaafu, na familia imenikabidhi karatasi hii niisome, ingawa wadogo zangu wawili walioketi hapa mbele walikuwa na wasiwasi kwamba nitaongeza maneno yangu, na wasiwasi wao una msingi.

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bi Ncha, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, waliokuwa madobi, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Alitoka kitovu kimemzonga shingoni, akachelewa kulia, na jirani mmoja aliyekuja kumwona mama akanong'ona kwamba huyu mwezi haumalizi. Huyo jirani tulimzika mwaka 1968. Dada yetu alitembea akiwa na miaka minne, akasema akiwa na sita, na akili yake ikabaki ya mtoto mdogo maisha yake yote, jambo ambalo wazazi wetu hawakulificha wala kulionea haya, ndiyo maana walimpa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959, akakaa darasa hilohilo miaka mitatu, hadi tarehe 2 Desemba 1961 mwalimu alipomrudisha nyumbani, kwa sababu wenzake wakitoka kucheza yeye alibaki ndani akikunja masweta yao yote na kuyapanga juu ya meza ya mwalimu, wasijue lipi la nani. Baba alimshika mkono, akamwambia amehitimu. Alilisadiki neno hilo hadi anaingia hospitali, na mdogo wetu wa mwisho kila alipojitapa na cheti chake cha ufundi wa redio, alikumbushwa kwamba dada yake alihitimu kabla yake.

Kuanzia mwaka 1962 alifanya kazi katika udobi wa wazazi wetu, kwenye kile chumba chenye meza ndefu ya mbao, pasi mbili za mkaa na mlango unaotokea kwenye kamba za kuanikia, na kazi yake ilikuwa moja, kukunja mashuka ya nyumba ya wageni na ya zahanati. Shuka hukunjwa na watu wawili, naye alikuwa na kanuni yake. Alishika ncha mbili, akakwambia, "Shika huko," nawe ukashika mbili zako, mkavuta, mkakung'uta, kisha wewe ndiye uliyemwendea, ncha kwa ncha, ukamkabidhi za kwako, akamalizia peke yake. Hakuwahi kumwachia mtu ncha zake, awe mama, awe mteja. Tena alikunja upande uliopigwa pasi ukiwa ndani, kinyume cha madobi wote, na mwenye nyumba ya wageni alikuja mara mbili kulalamika, baba akaomba radhi mara mbili, mara ya tatu yule bwana akaja kusema mashuka yetu hayashiki vumbi kabatini, na foronya nazo zikunjwe vivyo hivyo. Alifanya kazi hiyo miaka arobaini na saba, mpaka mashine zilipotunyang'anya wateja tukafunga tarehe 30 Juni 2009, na hata baada ya hapo aliendelea kukunja mashuka yetu sita ya nyumbani kila siku baada ya chakula cha mchana, yawe yamefuliwa au hayajafuliwa.

Hapa huwa inasomwa ndoa. Bi Ncha hakuolewa, ila ndoa ya dada yetu wa pili, mpishi wa shule mstaafu, ni kazi ya mikono yake, maana wachumba wawili wa kwanza waliuliza, "Na huyu naye mtakaa naye mpaka lini?" wakaonyeshwa mlango. Wa tatu, fundi mwashi, alipofika tarehe 10 Aprili 1976 alikabidhiwa shuka kabla hajakaribishwa kiti, akashika, akavuta, akaja ncha kwa ncha bila kuuliza kitu, na dada huyo wa pili akatuambia jikoni kwamba huyu ndiye. Bi Ncha hakuzaa, lakini alikunja nepi za watoto wetu saba, na ndio hao, wengine wana mvi, waliolibeba jeneza leo.

Baba alifariki mwaka 1983. Mama alifariki tarehe 21 Novemba 1994, na siku mbili kabla alituita sisi watatu, akasema haombi utajiri wala kaburi la marumaru, anaomba tu tusitangulie wote tukamwacha Bi Ncha mikononi mwa watu asiowajua, mmoja wetu abaki mpaka yeye aende. Ndugu zangu, kuanzia siku hiyo tulianza kushindana kutokufa. Mimi niliacha sigara siku ya mazishi. Dada wa pili alianza kutembea asubuhi mpaka sokoni na kurudi. Mdogo wetu aliapa hapandi tena paa la mtu kwa ajili ya antena, na aliyekohoa mezani aliulizwa kama anataka kutoroka zamu. Tulicheka, lakini kila mmoja alilala na hofu ileile, kwamba sisi tumekula chumvi nyingi, yeye bado anadunda.

Sasa nasema jambo ambalo halimo kwenye karatasi. Mwaka 2017 nilivunjika nyonga, dada wa pili akawa haoni vizuri, mdogo wetu presha ikampanda, na watu wakashauri, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwamba wazee hawatunzi mzee. Mimi ndiye niliyetia saini, bila kumshirikisha mdogo wetu, na tarehe 6 Machi tukampeleka Bi Ncha kwenye nyumba ya kulelea wazee. Walimtunza vizuri, sina neno nao. Tulipokwenda kumwona tarehe 17 Machi, msimamizi alituambia anakula, analala, ila kila siku baada ya chakula hutandua shuka la kitanda chake, akaenda ukumbini, akashika ncha mbili na kusimama. Wahudumu walikuja wakalichukua, wakalikunja upesi peke yao, wakadhani wamemsaidia. Nilimkuta amesimama hivyo. Niliegemeza fimbo ukutani, nikashika upande wa pili, nikamwendea kwa nyonga yangu mbovu, akanipokea ncha, akamaliza, kisha akaenda kuvaa ndala zake na kutusubiri mlangoni. Tulirudi naye siku hiyohiyo. Nilikuwa na kiburi, sikuwahi kuwaomba radhi ndugu zangu, nawaomba leo mbele ya watu.

Januari mwaka huu wa 2024 miguu ilianza kumvimba, daktari akasema ni moyo, na tarehe 28 Aprili akalazwa. Tarehe 8 Mei mchana, baada ya chakula ambacho hakukigusa, alilivuta shuka la hospitali akaniambia, "Shika huko." Nilishika, nikamwendea, mikono yetu ikakutana, nikasubiri anipokee ncha zangu kama miaka yote. Hakunipokea. Aliziweka zake mikononi mwangu, akafumba macho. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili, dada wa pili akiwa upande wa kichwani, mdogo wetu miguuni, na mimi nimeshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, na hasa yule muuguzi aliyemwacha afunue kitanda bila kumkaripia, majirani mlioleta mashuka yenu kila mara yetu yalipokuwa kwenye kamba, wenzetu wa udobi tuliobaki wachache, na watoto wetu saba. Na namshukuru Mungu kwa jambo ambalo huenda si la kusema msibani, kwamba ametangulia yeye. Mama, uliomba abaki mmoja. Tumebaki wote watatu.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Huku tumeshika.