Ripoti Isiyo na Nafasi

Kwenye treni ya asubuhi, mshonaji mmoja alimwonyesha nesi aliyeketi kando yake ripoti ya binti yake. “Tazama, dada. Mwaka huu shule zimefuta nafasi. Hakuna tena wa kwanza wala wa mwisho.”

Nesi akaguna. “Sasa nitajuaje kama wangu bado anaongoza? Bila kushindanishwa, watoto watabweteka!”

“Wangu kila siku ya ripoti alikuwa anatapika. Jana amekula, akaomba aongezewe.”

Mimi niliyeketi mbele yao niliacha shule nikiwa wa hamsini kati ya hamsini na mmoja, na huyo mmoja alikuwa amelazwa hospitali.

Treni ikasimama. Nesi akainuka, bado anabisha. “Kwani wako alikuwa wa ngapi?”

“Nimeshasahau, dada,” mshonaji akacheka, huku akikunja ripoti vizuri.