Mayai ya Fimka Ndani ya Jiwe Lililoumuka

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha chai cha Galina, hapa Kovdor, mji wa migodi kaskazini mwa Urusi; ukikaa unauona mlima wa mgodi ulioliwa nusu. Siku hiyo theluji ilikuwa haijaisha barabarani. Kapitolina mshonaji akaja mbiombio amekumbatia boksi la viatu. Ndani mlikuwa na mayai matatu. Kobe wake, Fimka, aliyeachiwa na dada yake miaka mitatu nyuma, alikuwa ametaga juu ya zulia.

Alisikia kwamba mayai hayo hufukiwa kwenye vermikulaiti, lile jiwe la mgodi wetu, iliyoumuliwa kwa moto, kwa kuwa ni nyepesi na inatunza joto na unyevu. Dukani imekwisha. Tukacheka sana: mji mzima unakula kwa jiwe hilo, nasi hatuna hata kikombe.

Arseni, tunayemwita Tanuri kwa sababu alistaafu kwenye matanuri ya kiwanda, akaenda kwake akarudi na jiko la gesi, kikaango na mfuko wa jiwe bichi: vigae vya rangi ya shaba, tabaka juu ya tabaka kama kurasa zilizogandana. Jenerali, kama tunavyomwita dereva wa basi, akanyakua kikaango, akashikilia kwamba lipashwe polepole kama maziwa. Likapashwa. Halikutikisika.

— Limekufa, mawe ya siku hizi hayana roho, akasema Jenerali.

— Umelikausha wewe, Tanuri akamjibu. Maji ya katikati ya tabaka yametoroka kimyakimya. Yanatakiwa kushtukizwa, bwana.

Tanuri akaacha kikaango kiwe chekundu, akamwaga vigae vingine kwa mkupuo. Vikajinyonga, vikarefuka kama minyoo ya dhahabu, vikafurika hadi kwenye benchi. Galina akaacha wateja dirishani. Jenerali akadai hata milima iliota hivyohivyo, kisha akadai mtu akila kijiko kimoja atarefuka. Kapitolina alicheka huku machozi yanamtoka. Vermikulaiti ilipopoa tukainyunyizia maji, tukayafukia mayai, naye akaliweka boksi karibu na bomba la joto chumbani kwake.

Kiangazi akaja nalo. Yai moja lilikuwa limeharibika, lakini watoto wawili walikuwa wanatambaa, wadogo kama vifungo vya koti. Tukasukumana kama watoto wa shule. Tanuri akamweka mmoja kiganjani, akakataa kumpa mtu zamu.

Lesya, muuguzi mgeni mtaani, alikuwa amesimama na chai yake.

— Na baba yao yuko wapi?

Tukamgeukia Kapitolina.

— Tangu nimpokee, Fimka hajavuka mlango wangu, akasema taratibu. Na mwingine sina.

Tukamtazama Jenerali, mwenye jibu la kila kitu. Akadai kobe jike huweza kutunza mbegu za dume kwa miaka, na safari hii Lesya akasema ni kweli.